Ukuta wa Kona ya Kusini

Havlik alianza na ngumi. Alipita kando ya ukuta wa uwanja kutoka benchi la wageni kuelekea kusini, akipiga kila godoro pigo moja na kusikiliza. Magodoro yalijibu kwa sauti ileile, nzito, kama unapompiga ng'ombe mgongoni. Alipofika lango la kupitishia mashine ya kusawazisha barafu alipiga, na mkono ukamuuma.

Akapiga tena, taratibu. Chini ya plastiki nyekundu kulikuwa na ubao.

Hapo ndipo Tavion Rucker, mdaka mipira wa timu ya Reli, alipovunjika shingo Jumamosi, mbele ya watu walioshika bia. Mpira wa Kimarekani wa ndani, ule wa kudaka kwa mikono, huchezwa kwenye ukumbi wa barafu. Zulia la nyasi bandia hutandazwa juu ya barafu, na ukuta wa wacheza magongo huvikwa magodoro, kwa sababu uwanja ni mdogo na mtu anayekimbia hana pa kusimama. Mdaka mipira akikimbilia kona anajua kwamba ukuta utampokea. Rucker aliudaka mpira. Mwamuzi alinyanyua mikono yote miwili, alama sita zikaingia, halafu ndipo watu wakaona kuwa kijana haamki.

Mwendesha mashtaka wa kaunti alikuwa na jibu lake tayari. Duane Kozisek, fundi mkuu wa ukumbi, hakufunga komeo la lango, lango likacheza, kijana akafa. Kesho, Ijumaa, angemfungulia mashtaka ya kuua bila kukusudia. Jibu hilo lilimfikia likiwa limeshapikwa, na watu wa mji wa Kearsley walilijua jiko lenyewe. Mwenye timu, Brent Aldinger, ndiye pia aliyekodi ukumbi mzima kutoka kwa kaunti, na siku za mechi mwendesha mashtaka hukaa naye kwenye viti vya juu, kule ambako bia haina foleni. Wakubwa hawana haja ya kukutana ili wapange jambo. Wanakaa tu pamoja, jambo linajipanga.

Havlik alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu. Hakusoma chuo. Alianzia jela ya kaunti, kazi ya kufungua na kufunga milango, na kwa hiyo makomeo aliyajua.

Alipiga goti. Lango lilifunguka kwa nje, kuelekea kwenye njia ya mashine. Akavuta komeo. Halikuja. Akatia nguvu, likatoka kwa kukwaruza, na alipoliweka kwenye mwanga aliona limepinda katikati, chuma kizima, kama kijiko kilichotumiwa kufungulia kopo la rangi.

Alisukuma lango kwa kidole. Likafunguka bila kelele. Nyuma yake kulikuwa na mteremko uliotandikwa mpira mweusi, mpana, mtupu.

Akasimama pale akalitazama jambo lenyewe. Komeo lililo wazi halipindi. Na kama lango lingekuwa wazi, Rucker angepita nalo, angeangukia kwenye mpira ule, pengine angevunjika mkono, na leo angekuwa kwenye kochi la mtu akicheza michezo ya runinga. Lilimuua kwa sababu lilifungwa vizuri. Kozisek alifanya kazi yake.

Lakini kwa nini ubao?

Alitoa kisu akachana plastiki nyekundu pembeni. Lilikuwa tangazo la muuza magari wa barabara kuu, limevutwa na kupigiwa pini juu ya ubao mwembamba wenye sifongo ya unene wa kidole. Kitu cha kutazamwa na kamera. Akahamia godoro la jirani, akachana pembeni vilevile. Chini ya nyekundu kulikuwa na kahawia. Chini ya kahawia, buluu. Chini ya buluu, sifongo nene hadi kiwiko.

"Unaharibu mali ya watu, Orrin."

Aligeuka. Verna Pospisil alikuwa kwenye ngazi za upande wa kona, ameshika mto wake wa kukalia. Bibi huyu alikalia kiti kimoja, mstari wa mbele karibu na lango, tangu timu ianze. Wachezaji wa wageni walimwogopa kuliko walinzi wa timu ya nyumbani, maana kabla ya mechi aliulizia majina ya mama zao ili awazomee nayo.

"Mlinzi amekuruhusu?"

"Mlinzi nilimfundisha shule ya Jumapili. Nimekuja kuchukua mto wangu. Sirudi tena humu." Alishuka akaegemea ukuta. "Aliangukia hapa. Sikuweza hata kumfikia, na ukuta wenyewe ni wa kifuani. Kila akifunga alikuwa ananipa mpira, ananiambia, Bibi, huu wa kumi na ngapi? Namwambia nyamaza, rudi kazini."

Havlik alinyanyua plastiki iliyochanwa. Alimwonyesha mahali alipochana. "Hizi rangi unazijua?"

"Kama nguo zangu za ndani. Buluu ni Vimbunga. Hao ndio wa kwanza, timu ya muuza chakula cha ng'ombe. Mwaka wa pili wakachukua ubingwa, tukawazungusha mjini juu ya gari la zimamoto, meya akatapika. Halafu muuza chakula akaiuza timu kwa daktari wa meno. Huyo akawaita Nyati, akavalisha kila kitu kahawia, na yeye hajawahi kumwona nyati ila kwenye sarafu. Ligi ikafa katikati ya msimu. Wachezaji wakarudi motelini kutoka mazoezini wakakuta kadi za milango hazifungui. Wavulana wakubwa kama majokofu, wamekaa kwenye maegesho na mabegi yao. Kina mama wa kanisa tuliwagawana. Mimi nilipata walinda mstari wawili, walimaliza friji siku moja."

"Na Aldinger?"

"Aldinger akaja na Reli. Nyekundu. Hakuna aliyenunua godoro jipya hata mmoja, Orrin. Kila tajiri anavisha ngozi yake juu ya ngozi ya mwenzake, anasema hii ni timu mpya. Deni ni la yule wa zamani, majeruhi ni wa yule wa zamani. Ubingwa tu ndio kila mmoja anasema ni wake."

Havlik aliligongagonga lango. "Hili halina buluu. Halina chochote chini. Hili si godoro la hapa."

"Bila shaka si lenyewe. Lenyewe liko juu, kwenye chumba cha wageni wa heshima. Limetundikwa kama kichwa cha kulungu."

Havlik akamtazama.

"Hukuja Usiku wa Historia?" Verna aliuliza. "Hukuja, wewe huendi popote. Mechi ya kwanza ya msimu huu. Godoro la lango ndilo walilosaini mabingwa, wote, usiku ule wa ubingwa, kwa sababu hapa ndipo wanapotokea kwenye moshi, na kila mmoja analipiga kofi akipita. Hata daktari wa meno hakuthubutu kulifunika. Basi Aldinger akasimama katikati ya uwanja na kipaza sauti, akasema, hili ndilo lililokuwa langoni, tumeling'oa langoni kwa mikono yetu, sasa ni historia yenu. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mungu anisamehe. Sikujiuliza nini kimebaki mlangoni. Ukumbi mzima hakuna aliyejiuliza."

"Kozisek alijiuliza."

"Duane hasemi?"

"Jana nilikaa naye jikoni kwake asubuhi nzima. Alisema neno moja, nilifunga. Ukimuuliza zaidi anatazama mikono yake."

Verna aliusogeza mto kutoka kwapa moja kwenda jingine. "Mkewe Arlene ana saratani. Hiyo unaijua. Dawa anayotundikiwa ni bima ya kazi ya Duane inayolipa, bila hiyo hawaioni hata kwa dirisha. Jumapili Aldinger alikwenda kwao na keki. Akamwambia Duane, wewe nyamaza, mwanasheria wangu ataipunguza iwe ajali, na bima ya mkeo sitaigusa. Arlene aliniambia huku analia. Alisema, mimi ndiye kamba waliyomfungia Duane."

Havlik alichukua kipande cha uzi mfukoni. Alipima komeo, akafunga fundo. Akapima kutoka komeo hadi bawaba ya juu, akafunga fundo la pili. Kisha bawaba ya chini.

"Unaweza kupanda ngazi?" aliuliza.

"Nitakushinda," Verna alisema, na kweli alimshinda.

Chumba cha wageni wa heshima kilinuka mafuta ya jibini iliyomwagika. Godoro lilikuwa juu ya friji ya bia, buluu iliyopauka, limejaa majina kwa wino mweusi, na taa ndogo imeelekezwa juu yake. Aldinger alikuwa mezani akila sandwichi ya nyama na kabichi, kitambaa kimeingizwa kolani.

"Mzee Havlik. Nilidhani mmemaliza." Akamwona Verna. "Na Bibi Verna. Poleni kwa yote. Kaeni, kuna sandwichi."

"Nani alitoa godoro la lango?" Havlik aliuliza.

"Magodoro ni idara ya Duane."

"Na hilo?"

"Hilo? Pambo. Lilikuwa stoo."

"Ulisema langoni," Verna alisema. "Ulisema kwa kipaza sauti. Tumeling'oa langoni kwa mikono yetu. Nilikuwa nimesimama, na nilikuwa sijanywa."

Aldinger alifuta mdomo. Alikuwa mtu wa sauti laini. Hakubadilika rangi. "Bibi, ule ulikuwa usiku wa kuuza tiketi. Mtu akikwambia hii ni pai ya bibi yake, unataka umwone bibi? Ni godoro la zamani la stoo. Majina tuliyaandikisha ofisini, kijana wa matangazo alinakili kutoka kwenye picha. Kazi nzuri, eti?"

Friji iliunguruma. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa zuri. Kama godoro ni la kughushi, basi Aldinger hakujua lango limebaki tupu, na anayepaswa kujua ni fundi. Havlik aliliona likimwelekea Kozisek lilelile, kwa njia nyingine.

Alivuta kiti, akapanda, akanyoosha uzi wake juu ya godoro. Upande wa kushoto plastiki ilikuwa imekatwa mraba kwa ajili ya bawaba. Fundo likaangukia pale. Chini, mraba wa pili. Fundo likaangukia pale. Kulia, tundu la komeo, kingo zake nyeusi kwa grisi ya miaka mingi. Fundo likaangukia pale.

"Pambo lenu lina tundu la komeo," alisema.

"Magodoro mengi yana matundu."

"Lango ni moja. Nimezunguka ukuta wote."

"Labda lilikuwa la akiba."

"Hamjawahi kununua hata sifongo ya kuoshea vyombo," Verna alisema, "leo mna godoro la akiba. Orrin, niinue kidogo."

Havlik alishuka, akamshika mkono, bibi akapanda kwenye kiti na viatu vyake vya theluji. Alipapasa ukingo wa chini wa godoro kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mkono ukasimama.

"Hapa. Mshono huu. Uzi wa kijani, uzi wa kuvulia, wa marehemu mume wangu Leonard. Mchezaji wa timu ya Iowa alilipasua kwa kofia yake ngumu wiki kabla ya fainali, na muuza chakula cha ng'ombe akasema hana nafasi ya kulitengeneza. Nikalishona mimi, nimekaa kwenye zulia, Duane ananishikia taa. Na jina la Boxcar Tillery limepita juu ya uzi wangu, ona wino ulivyorukaruka. Kijana wako wa matangazo alinakili na hiyo?"

Aldinger aliiweka sandwichi chini. Aliivuta sahani pembeni, taratibu, akaupanga uma juu yake.

"Sawa," alisema. "Ni lenyewe."

Havlik alikunja uzi wake akautia mfukoni.

"Ni lenyewe, na nililitaka huku juu, na pale chini muuza magari alitaka tangazo lake upande wa kamera. Watu wawili wanataka, nafasi moja. Hiyo ndiyo biashara, Mzee Havlik. Lakini mimi sijui hata bisibisi inashikwa upande gani. Skrubu zilifunguliwa na Duane. Ubao ulifungwa na Duane. Anasema nilimwagiza?"

"Bado."

"Basi." Alisema bila kuinua sauti, kama mtu anayefunga dirisha.

"Alikuonya?"

"Muulize yeye. Mimi nawasikia watu wengi kwa siku." Alitazama saa ya ukutani. "Na niwaambie jambo mapema, msije mkalisikia barabarani. Mwisho wa mwezi kampuni inafungwa. Baada ya Jumamosi hakuna mdhamini atakayebaki. Timu inakwenda Dakota Kusini, jina jipya, wawekezaji wapya. Anayetaka kushtaki kampuni atakuta mlango na namba ya simu isiyoita."

"Na wafanyakazi wa hapa?"

"Wanaachwa wote. Sheria inaruhusu."

"Wote?"

"Wote."

"Na bima ya Arlene?" Havlik aliuliza.

Aldinger alikunja uso. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anatafuta kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza.

"Bima ya nani?" alisema.

Verna alishuka kwenye kiti bila kushikwa. Alikiacha kiti palepale, katikati ya njia.

Nje maegesho yalikuwa na mabaki ya theluji chafu na upepo wa mashamba. Havlik alimpigia mwendesha mashtaka akiwa garini. Alimweleza komeo, ubao, tundu, uzi, na maneno ya kipaza sauti yaliyosikiwa na ukumbi mzima. Mwendesha mashtaka alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Unachonithibitishia ni kwamba Brent alijua godoro liko wapi," alisema. "Amri hujaithibitisha. Bila Kozisek ninachokiona ni fundi aliyefunga ubao mahali pa godoro na akakaa kimya. Kesho ni kesho, Orrin."

"Komeo lilifungwa. Hati yako ya mashtaka inasema lilikuwa wazi."

"Hati inaweza kuandikwa upya."

Alikata simu. Havlik alimshusha Verna kwake, kisha akaendesha hadi mtaa wa nyuma ya maghala ya nafaka.

Kozisek alifungua mlango kabla hajabisha. Mrefu, soksi za sufu, miwani imeungwa kwa gundi. Sebuleni nyuma yake runinga iliwaka bila sauti, na mkewe alikuwa kwenye kochi chini ya blanketi, kitambaa kichwani.

"Nilikwambia nilichokwambia," Kozisek alisema.

"Najua. Komeo lilifungwa. Limepinda. Ulisema kweli."

"Basi imekwisha?"

"Haijaisha. Godoro la mabingwa ndilo lililokuwa langoni, Aldinger amekubali mbele yangu na mbele ya Verna. Anasema skrubu ni zako, amri haikuwepo."

Kozisek alitazama mikono yake.

"Kampuni inafungwa mwisho wa mwezi," Havlik alisema. "Timu inahama. Mnaachwa wote."

"Mimi ameniahidi."

"Nilimuuliza, Duane. Nilitaja jina la Arlene. Akaniuliza, bima ya nani."

Lori la nafaka lilipita nyuma ya nyumba, vioo vikatetemeka, vikatulia. Kozisek alivua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

"Nilimwambia mara mbili," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya gari. "Nikamwambia, bosi, nyuma ya pale ni chuma. Akasema ukuta una futi mia ngapi, mpaka mtu agonge hapohapo? Nikamwambia wanagonga hapohapo, ndiyo kona. Akasema nifunge, kamera zinakuja. Nikafunga."

"Nani alisikia?"

"Yule wa muuza magari, aliyeleta tangazo. Alikuwa ameshika ngazi."

"Atasema?"

"Sijui. Ni Mlutheri, na hao hawadanganyi ila hawapendi kusema." Akatazama barabarani. "Yule kijana ana mama?"

"Mississippi. Anakuja Jumatatu kuuchukua mwili."

"Nitataka kumwona. Ya tajiri ni ya tajiri. Lakini skrubu nilifungua mimi, na hilo alisikie kwangu, asilisikie kwa mwanasheria." Alishika fremu ya mlango. "Nikija nawe sasa, nikasema yote na kutia sahihi, dawa za Arlene zinakuwaje?"

"Sijui," Havlik alisema. "Mwisho wa mwezi zinakatika, useme au usiseme."

Kozisek aligeuka kuelekea sebuleni. Arlene alikuwa ameshakaa wima. Alikuwa amesikia kila neno, nyumba ile ilikuwa ndogo. Mguu mmoja ulikuwa sakafuni, ukitafuta ndala.

"Vaa koti, Duane," alisema. "Lile zito. Ofisi ya sherifu hawawashi joto."